Nimejenga tovuti 63 kwa miaka 11, leo zinafunguka 19. Blogu na tovuti zetu zinauliwa na nini?

#1 FundiNyakato
Wakuu, salaam.

Mimi ni fundi wa tovuti, najitegemea hapa Mwanza tangu 2014. Sina ofisi, nina meza, laptopu na wateja wanaoletwa na wateja wenzao. Jumapili nilitoa daftari langu la kazi, nikaanza kuingiza anwani moja moja kwenye simu. Nimejenga tovuti na blogu 63. Zinazofunguka ni 19. Katika hizo 19, zenye andiko jipya la mwaka huu ni 4. Kuna iliyokuwa ya kwaya, nimeifungua nikakuta mikeka ya ligi ya Uturuki. Jina la tovuti lilimaliza muda, halikulipiwa, watu wa kubashiri wakalichukua.

Roho imeniuma. Programu inaandikika upya, lakini maneno ya watu hayarudi. Mwaka 2015 nilimjengea blogu mwalimu mmoja wa Biolojia wa Sengerema. Aliandika posti 88, anaeleza mzunguko wa damu na usanisinuru kwa Kiswahili ambacho mtoto wa kidato cha pili anakielewa bila kukariri. Leo hakuna hata moja. Nimempigia, anasema alidhani mimi ninazo. Mimi nilidhani yeye anazo.

Watu husema blogu ziliuliwa na Facebook na Instagram. Mimi nasema tuliziua sisi mafundi. Tuliuza tovuti kama geti: unapima, unachomelea, unapaka rangi, unalipwa, unaondoka. Hatukumfundisha mtu namna ya kuandika kila wiki, na wengi wetu hatukumkabidhi hata funguo. Mnasemaje?

#2 MsomiWaSinza
Mkuu, unajitwisha mzigo wa watu wengine. Muuaji ni bando.

Mwaka 2008 mtu alikwenda intaneti kafe, analipia nusu saa, anakaa mbele ya skrini kubwa na anafungua kurasa. Alikwenda kusoma. Leo ananunua bando la WhatsApp na Instagram, na linki yoyote ya nje inamla salio la kawaida. Kumbuka pia Oktoba 2014 Internet.org, mpango wa Facebook wa intaneti ya bure, ilivyoingia nchini kupitia Tigo, ukawa unafungua Facebook bila hata shilingi. Blogu ya mwalimu wako ingeshindanaje na kitu cha bure? Mtu hupita njia aliyolimiwa.

#3 JichoLaPili
Mnazunguka tu. 2018! Kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu akaambiwa akate leseni, milioni moja kwa mwaka. Nani alipe milioni aandike habari za kata yake?

#4 KasukuMweusi
#3 hesabu yako imepungua. Ada ya maombi ilikuwa 100,000, leseni ya kuanzia 1,000,000, na ada ya kila mwaka 1,000,000. Kuanza tu ulihitaji milioni 2 na laki moja. Mei 2018 wanablogu na watetezi wa haki walikwenda Mahakama Kuu Mtwara, wakapata zuio la muda, baadaye likaondolewa. Juni JamiiForums yenyewe ilizimwa kwa muda. Ada zimepunguzwa baadaye, lakini kipindi kile kilivunja watu moyo kweli.

Ila nina swali. Kama 2018 ndiyo iliyoua, mbona blogu nyingi ukizitazama leo posti ya mwisho ni ya 2013 au 2014? Marehemu alishazikwa, ndipo akaja mtu na panga.

#5 MamaKachori
Habari zenu wanangu. Mimi si mtaalamu, nipo Tanga, napika kachori, bajia na keki za shughuli. Nataka nijibu kama mteja.

Kijana mmoja alinijengea tovuti 2019 kwa 450,000. Ilikuwa nzuri, ina picha za keki na ramani ya kunifikia. Miezi sita, hakuna aliyenipigia akasema nimekuona kwenye tovuti. Hata mmoja. Nikiweka picha kwenye stetasi ya WhatsApp saa kumi na mbili asubuhi, mpaka saa nne nimeuza sinia mbili. Mwaka ulipoisha akaniambia nilipie tena jina na hifadhi, nikamwambia mwanangu, hela hiyo nanunua mfuko wa ngano. Sasa Fundi, hapo nani kaua? Mimi naona haikuwahi kuwa hai.

#6 BintiSauda
Hamjambo. Mimi niko Mombasa, kazi yangu ni hina na piko kwa maharusi.

Mama yangu #5, maneno yako ni ya kweli, lakini subiri nikueleze upande wa pili. Nilikuwa na ukurasa kwenye mtandao mmoja wa picha, wafuasi 38,000, miaka sita ya kazi. Siku moja nikatumiwa ujumbe kwamba ukurasa wangu umekiuka haki za mtu, nibonyeze hapa nijitetee. Nikabonyeza, nikaweka nywila. Dakika kumi baadaye jina limebadilika na kunauzwa sarafu za mtandaoni kwa picha za mikono ya maharusi wangu. Nimeandika barua nyingi kwao, sijawahi kujibiwa na mtu, najibiwa na mashine.

Kilichoniuma si wafuasi. Picha za miaka sita, maua niliyoyabuni mwenyewe, nyingine sikuwa na nakala popote. Nilianza upya kwa kumwomba kila bibi harusi anitumie alizonazo. Waliotuma ni kumi na wawili.

#7 FundiNyakato
Pole sana dada Sauda. Hicho ndicho ninachowaambia wateja kila siku: mtandao wa kijamii ni uwanja wa mnada. Uza hapo, watu wapo. Lakini usilale hapo na usiweke hati za nyumba hapo.

Mama Kachori, shikamoo. Nakubali, ulijengewa kitu ambacho hukukihitaji. Mimi ningekuwa fundi wako ningekwambia uweke ukurasa mmoja tu, mwepesi, wenye bei, picha kumi na namba yako, kisha linki yake uibandike kwenye WhatsApp. Mteja mpya akiuliza “una keki gani”, unamtupia linki badala ya kumtumia picha arobaini.

#8 MamaKachori
Marahaba. Bei siweki.

#9 KasukuMweusi
😂 Haya, tumefika. Mama, naomba utueleze leo, maana nimechoka na “bei inboksi”. Kwa nini hamweki bei?

#10 MamaKachori
Kwa sababu bei si moja. Keki ya mtu wa Chumbageni anayekuja kuichukua mwenyewe si sawa na ya mtu wa Pongwe anayetaka iletwe. Mayai yakipanda trei, leo nauza hivi, wiki ijayo vile. Na jirani yangu anayepika kama mimi akiiona bei, anashusha elfu mbili. Halafu mteja akishakuja inboksi, tunasalimiana, namuuliza ni shughuli ya nani, namwambia na bajia zipo. Bei ukiibandika, anasoma, anaondoka, hamjajuana.

#11 MsomiWaSinza
Mama ametoa mada nzima ya uzamili kwa mistari mitano. Duka letu ni maongezi. Tovuti yenye kikapu na kitufe cha kulipia ilibuniwa kwa watu wanaonunua bila kusalimiana.

#12 Ngalawa
Salaam kwenu nyote. Mimi ni mzee kidogo, nipo Pangani. Nilikuwa mwanablogu, kwa hiyo niruhusuni niseme kama mmoja wa marehemu mnaowazungumza.

Nilianza 2006. Kabla yangu alikuwapo Ndesanjo Macha na blogu yake ya Jikomboe, na ndiye aliyewasukuma wengi. Issa Michuzi, mpiga picha wa Daily News, alifunguliwa blogu Septemba 2005 wakiwa Helsinki mkutanoni, na Ndesanjo huyo huyo ndiye aliyemshika mkono. Sisi tuliokuwa mikoani tukamwona Ankal, ndivyo tulivyomwita Michuzi, anaendeleza libeneke, tukasema kumbe inawezekana, tena kwa Kiswahili, tena bure.

Mimi niliandika habari za Pangani: jahazi zilizokuwa zikienda Unguja, mambo ya mkonge, majina ya pepo na namna wavuvi wanavyozisoma. Posti 412 mpaka 2013. Sikuandika kwa hela. Nilikuwa nikimaliza posti, kesho asubuhi nakuta maoni manane, mtu yupo Ujerumani anasema babu yake alikuwa nahodha wa jahazi nililolitaja. Hayo maoni ndiyo yaliyonirudisha kafe kila Jumamosi. Wale watu walipohamia Facebook, nikawa naandika, nakuta sifuri. Wiki ya kwanza sifuri, ya pili sifuri. Nikaacha. Hakuna aliyeniua, niliachwa peke yangu.

Picha nilikuwa nahifadhi kwenye huduma moja ya bure. Siku moja wakataka kulipwa, picha zangu zote zikageuka kibandiko cha kijivu. Barua pepe niliyofungulia blogu nimepoteza nywila, na namba ya simu ya wakati ule sinayo. Maandishi yapo bado, yanafunguka, lakini siwezi kuingia ndani. Naona makosa ya tahajia ya 2007 na siwezi kuyasahihisha.

#13 JichoLaPili
Shikamoo mzee. Umetaja Michuzi na kuna kitu nimekifikiria. Yeye ni mpiga picha. Blogu iliyotufundisha Watanzania kupenda blogu ilikuwa ya picha na maelezo mafupi chini yake. Sasa Instagram ilipokuja (ilizinduliwa Oktoba 2010, Facebook wakainunua 2012) ilikuwa ni kitu kile kile, ila simu yako mwenyewe ndiyo kamera. Wasomaji hawakuacha kusoma. Walikuwa watazamaji tangu mwanzo, wakahamia penye picha nyingi zaidi.

Kwa hiyo nafuta nusu ya nilichosema #3. Nusu tu.

#14 KasukuMweusi
Mzee Ngalawa amegusa penyewe: maoni yaliondoka, mwandishi akaondoka. Lakini kwa nini msomaji asiweze kufuata blogu ishirini bila kuhamia Facebook? Njia ilikuwapo. Inaitwa RSS. Kila blogu ilikuwa na mlisho, unaukusanya kwenye programu moja, posti mpya zote zinakuja kwa mpangilio wa tarehe, hakuna anayekuchagulia. Wengi walitumia Google Reader. Tarehe 1 Julai 2013 Google wakaifunga. Tazama tarehe hiyo na tarehe ya posti ya mwisho ya mzee.

#15 MsomiWaSinza
Kasuku, hapana. Nakuheshimu, lakini Reader ilitumiwa na nani Manzese? Wasomaji wa blogu za Kiswahili waliandika jina la blogu kwenye Google, au walikuwa na ukurasa mmoja wanaoufungua kila asubuhi. Ukimuuliza msomaji wa 2010 kuhusu RSS atadhani ni chama cha siasa. Bando, nasema.

#16 Ngalawa
Kijana wa Sinza yupo sahihi kwa upande wa Pangani. Mimi mwenyewe sikuijua hiyo RSS mpaka leo.

#17 DeiwakaWaSeva
Mnatafuta sababu kubwa kubwa. Mimi nafanya kazi ya kufufua tovuti zilizokufa, nawaambia vinavyouwa tovuti kweli, kwa ngazi ya waya na spana.

Kwanza, PHP, lugha ya programu inayoendesha tovuti nyingi. Tovuti nyingi za 2009 mpaka 2014 ziliandikwa na vijana waliojifunza kwenye mafunzo ya zamani, wakitumia amri za mysql_ kuongea na hifadhidata. PHP 7 ilipotoka Desemba 2015 amri zile ziliondolewa kabisa. Mwenye seva akipandisha toleo, tovuti inakuwa ukurasa mweupe. Mteja anasema “tovuti imeharibika yenyewe”. Haikuharibika yenyewe, ilijengwa juu ya kitu kilichotangazwa kuondolewa.

Pili, templeti za wizi. Fundi anachukua templeti (muundo ulio tayari) ya kulipia iliyovunjwa, anaifunga kwenye WordPress, programu ya kujengea tovuti, ya mteja. Ndani kuna mlango wa nyuma. Baada ya muda tovuti ya shule inauza dawa za nguvu za kiume. Google wanaibandika alama nyekundu, watu wanakimbia.

Tatu, cheti cha usalama. Tangu Julai 2018 Chrome inaandika kwamba tovuti isiyo na HTTPS, yaani isiyo na cheti hicho, si salama. Mteja mzee akiona maneno hayo anaogopa biashara yake mwenyewe. Na cheti kilikuwa bure tangu Let's Encrypt, huduma ya kutoa vyeti hivyo, ilipofunguliwa kwa umma Desemba 2015! Dakika tano za kazi, mafundi hawakurudi kuifanya.

Kwa hiyo mimi nasimama na mleta mada. Ni sisi.

#18 MkulimaMbozi
Nakazia #17 na #1, na naongeza la nne: funguo.

Chama chetu cha ushirika cha kahawa kilijengewa tovuti 2016 kwa michango ya wanachama. Kijana alisajili jina kwa barua pepe yake, hifadhi kwa kadi yake, kila kitu chake. Hakuwa tapeli, alifanya kazi safi. Akapata ajira nje ya nchi, namba ikabadilika. Jina likaisha muda. Tulikwenda kulilipia tukaambiwa mwenye jina si ninyi. Kweli, karatasi zinasema si sisi! Kulikuwa na wanunuzi wawili wa nje waliotupata kupitia barua pepe ya tovuti ile. Barua zao zikaanza kurudi, na mmoja tulimpoteza moja kwa moja.

Fundi, ulipojenga hizo 63, ngapi zilikuwa kwa jina la mteja?

#19 FundiNyakato
Mkulima, nimehesabu kabla ya kukujibu ili nisidanganye. Za 2014 mpaka 2017, nilizosajili kwa jina langu ni 22. Nilidhani namsaidia mteja asisumbuke. Tangu 2018 kila jina nasajili kwa barua pepe ya mteja, mbele yake, na namwachia karatasi: jina limesajiliwa wapi, linaisha lini, nywila zipo kwenye bahasha. Bahasha ya khaki kabisa, aiweke na hati za kiwanja. Katika zile 19 zinazofunguka, 15 ni za kipindi cha bahasha.

#20 MkulimaMbozi
Asante kwa ukweli. Bahasha naipeleka kwenye mkutano mkuu.

#21 MswahiliWaKisenyi
Wakubwa, nipo Kampala. Mnaobishana kama mtandao wa kijamii unatosha, njoni muulize huku. Julai 2018 tuliwekewa kodi ya mitandao, shilingi 200 kwa siku ndipo ufungue WhatsApp au Facebook. 2021 ikaondolewa, ikawekwa kodi kwenye bando lenyewe. Januari mwaka huo huo wa 2021, wakati wa uchaguzi, Facebook ilizimwa, na mitandao mingine iliporudi yenyewe haikurudi. Mimi nauza vitenge, wateja wangu nusu walikuwa huko. Walio na VPN wakabaki, akina mama wa sokoni wakapotea. Niliokoka kwa sababu nilikuwa na daftari la namba zao. Daftari la karatasi.

#22 BintiSauda
Subhanallah. Na hapa 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika zote kwa pamoja karibu saa sita, dunia nzima. Wenzangu wa Marikiti walidhani simu zao zimekufa.

#23 KasukuMweusi
Ile ilikuwa amri iliyokosewa wakati wa matengenezo ya mtandao wao wa ndani. Njia za kufika kwenye seva zao zikafutika kwenye ramani ya intaneti, na hata wafanyakazi wao wakapata shida kufika kwenye mitambo.

Lakini wakuu, tusidanganyane kwamba tovuti yako ni kisiwa. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu siku moja, tukakaa na intaneti ya kuvuta kwa kamba. Tovuti yako ikiwa na seva Ulaya nayo ilikuwa kisiwani na wewe upo bara. Na hao mnaotegemea WordPress: Septemba 2024 WordPress.org waliwafungia mlango wateja wa WP Engine, kampuni ya kuhifadhi tovuti, kwa ugomvi wa alama ya biashara. Wenye tovuti hawakufanya kosa lolote, lakini masasisho ya plagini (viongezeo vya WordPress) yakakwama mpaka mahakama ya Marekani ilipoingilia Desemba. Kila mtu ni mpangaji mahali.

#24 DeiwakaWaSeva
Kupanga kupo namna mbili. WordPress ni programu huria tangu 2003. Wakigombana, mimi nachukua nakala yangu na hifadhidata yangu, nahamia seva nyingine jioni hiyo hiyo. Ukurasa wa Sauda ungehamia wapi?

Na ukiwa na wateja wa hapa, weka seva hapa. Seva iliyopo Dar haihitaji kebo ya baharini kumfikia mtu wa Dodoma.

#25 OmariWaMuscat
Assalaam alaykum. Nawasoma kutoka Muscat, asili yetu Unguja, nyumbani bado tunaongea Kiswahili.

Naona sababu moja hamjaitaja. Watu wetu ni wa kusema. Makundi yetu ya WhatsApp huku, watu wazima wanatuma sauti za dakika nane. Visa, nasaba, mashairi, nani alimuoa nani Mkunazini mwaka gani. Ukiwaambia waandike, wanaandika “sawa”. Blogu iliwadai watu kalamu, na simu ikawapa ulimi. Sasa shida ni kwamba sauti zile simu ikijaa zinafutwa. Mama yangu alisimulia safari yao ya meli ya 1964 kwa sauti kumi na saba, nimebaki na kumi na moja.

#26 MsomiWaSinza
Omari, zihamishe leo. Usisubiri Ijumaa.

#27 JichoLaPili
Na hela jamani? Hakuna aliyetaja hela. AdSense, matangazo ya Google yanayomlipa mwenye blogu, kwa miaka mingi Kiswahili hakikuwamo kwenye lugha zake. Mtu akiandika Kiingereza kibovu kuhusu wasanii wa Marekani anapata matangazo, akiandika Kiswahili kizuri kuhusu Kondoa anakataliwa. Na hata ukikubaliwa, hutolewi kitu mpaka ufikishe dola 100. Walioweza kuishi kwa blogu wakawa wale wa kunakili habari moja na kuibandika mara thelathini kwa vichwa vya habari vya kutisha. Msomaji akachoka na neno “blogu” lenyewe.

#28 Ngalawa
Hilo la kunakili ni kweli. Posti yangu ya jahazi niliikuta mahali saba, na mara zote saba kosa langu la tahajia lilikuwamo.

#29 MamaKachori
Mzee Ngalawa pole. Mimi baba yangu alikuwa mtu wa Mkwaja, bahari nimeijua kwa kusimuliwa. Hizo posti zako tunazipataje?

#30 FundiNyakato
Mzee, nitumie anwani ya blogu inboksi. Sihitaji nywila. Nina wazo.

#31 KasukuMweusi
Nalijua hilo wazo. Msomi, kaa mkao wa kusikiliza.

*(siku tatu baadaye)*

#32 FundiNyakato
Wakuu, nimerudi na ripoti.

Blogu ya mzee ipo Blogspot. Blogspot mpaka leo inatoa ule mlisho aliousema Kasuku. Ukijua anwani yake unaweza kuvuta posti zote kwa mafungu bila kuingia ndani ya akaunti, na mzee hakuwa amefunga mlisho wake, ulikuwa unatoa posti nzima nzima. Nimepata zote 412, na maoni 1,906 ya wasomaji. Picha nilikwenda kuzitafuta kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya nakala za kurasa za zamani, ambayo ilipita mara kadhaa kabla huduma ile haijaziziba. Kati ya picha kama 300 nimeokoa 57. Ndogo, lakini zinaonekana.

Jina jipya limesajiliwa kwa barua pepe ya mzee na simu ya binti yake. Bahasha naituma kwa basi kesho. Sijatumia WordPress, nimetengeneza kurasa tupu za HTML, hazina hifadhidata na hakuna plagini ya kusasisha. Nakala nyingine nimeweka kwenye fleshi mbili.

#33 MsomiWaSinza
Hapo nimevua kofia. RSS si chama cha siasa. Ila bado nasema zilikufa kwa bando 😂

#34 KasukuMweusi
Kufa na kufufuka ni mada mbili, nakubali.

#35 Ngalawa
Wanangu, sina maneno. Nimesoma maoni ya watu ambao wengine nimewazika. Mungu akubariki Fundi, na wewe Kasuku.

#36 FundiNyakato
Amina mzee. Nina swali moja la kazi. Posti ya Machi 2009 ya majina ya pepo imeishia katikati. Umeandika umande, ukaandika matlai, halafu inasema “Matlai likikukuta Kipumbwi nawe umechelewa” basi, imekatika. Ni mlisho uliokata, au iliishia hapo?

#37 Ngalawa
Iliishia hapo. Muda wa kafe uliniishia, nikasema nitamalizia Jumamosi. Sikumalizia.

#38 OmariWaMuscat
Mzee, matlai ni neno letu sote. Manahodha wa Oman kwenye dira ya nyota upande wa kuchomoza wanauita matlaa, jua na nyota zinapotokea. Kwa hiyo ni upepo wa mashariki, siyo?

#39 MamaKachori
Malizia mzee, tupo.

#40 Ngalawa
Ndiyo Omari, unatoka mashariki, baharini, na kwetu huvuma asubuhi. Umande unatoka bara alfajiri, huo ndio unaokutoa pwani. Matlai ndilo linalokurudisha. Mvuvi mzuri hutoka na umande, hurudi na matlai, hapigi kasia ila kwa kupenda.

Matlai likikukuta Kipumbwi nawe umechelewa, maji yameshatoka, usilazimishe kuingia. Mlango wa mto una mchanga na mchanga huhama, ulipopita jana leo si njia. Shusha tanga, tia nanga nje, ukae na samaki wako mpaka maji yajae. Baba yangu alikuwa akitia nanga mahali anapouona mbuyu wa upande wa kusini sambamba na paa la msikiti. Mbuyu ulianguka. Vijana sasa wanatumia mnara wa simu.

#41 FundiNyakato
Imeingia. Na ile ya Agosti 2011 ya jahazi lililobeba ng'ombe, nayo naona haina mwisho.